Japani yaijua Kabianga, Kabianga haiijui Japani

Baadhi ya magari madogo yanayobeba abiria kati ya mji wa Kericho na masoko ya vijijini huongea Kijapani. Dereva anapowasha injini, sauti ya mwanamke hutoka kwenye kisanduku kilichobandikwa karibu na usukani, ikatangaza jambo kwa adabu, kisha ikanyamaza. Abiria wamekwisha kuizoea. Sauti hiyo humwarifu dereva kwamba kadi ya kulipia barabara kuu haijatiwa mahali pake. Kadi yenyewe ilibaki Japani na mwenye gari wa kwanza, wala hakuna barabara ya kulipia kati ya Kericho na Kabianga, lakini sauti haijui hilo. Ni Wakenya wachache mno ambao wangeweza kuifasiri.

Kenya imekuwa ikinunua bidhaa za Japani kwa karibu karne moja. Meli za kampuni ya Osaka Shosen Kaisha zilianza safari za kudumu za pwani ya Afrika Mashariki mwaka 1926, na mwaka 1932 serikali ya Tokyo ikafungua ubalozi mdogo mjini Mombasa. Nguo za pamba kutoka Osaka zilijaa katika maduka ya Wahindi kuanzia Mombasa hadi Kampala, kwa kuwa mikataba ya Bonde la Kongo iliwazuia Waingereza kuzitoza ushuru wa kibaguzi. Baada ya Vita Vikuu vya Pili, kanga nyingi walizovaa akina mama wa pwani zilipigwa chapa Japani. Baadaye zikaja redio, pikipiki, matrekta na magari. Pamoja na hayo yote, hakuna chuo kikuu cha umma nchini ambacho kimejenga idara kamili ya kuichunguza Japani kwa historia yake, siasa zake, dini zake, uchumi wake na fasihi yake. Kinachofundishwa, pale kinapofundishwa, ni lugha.

Hali hiyo inaonekana waziwazi zaidi Kabianga kuliko Nairobi. Chuo Kikuu cha Kabianga kilianza mwaka 2007 kama bewa la Chuo Kikuu cha Moi, mahali palipokuwa kituo cha mafunzo ya wakulima, kikawa chuo kishiriki mwaka 2009, na mwaka 2013 kikatunukiwa hati ya kujitegemea na Rais Mwai Kibaki. Kimezungukwa na majani chai pande zote. Wanafunzi wake wengi ni watoto wa wakulima wadogo na wa vibarua wa mashamba makubwa ya Kericho na Bomet. Chuo kama hicho hakitarajiwi kuwa na wataalamu wa Japani, na pengine hakuna aliyewahi kulalamika kwamba hakina. Hata hivyo, Japani imekuwa na mtaalamu wa Kabianga, au kwa usahihi zaidi wa watu wake, tangu miaka zaidi ya 40 iliyopita.

Mtaalamu huyo ni Toru Komma, mwanaanthropolojia wa Chuo Kikuu cha Kanagawa, ambaye alianza utafiti wake miongoni mwa Wakipsigis mwishoni mwa miaka ya 1970. Mwaka 1984 alichapisha makala ndefu kuhusu vyama vya kusaidiana vya wanawake wa Kipsigis katika mfululizo wa vitabu vya Jumba la Taifa la Makumbusho ya Ethnolojia la Osaka. Mwaka 1998 alichangia sura kuhusu marika, manabii, machifu na wapiganaji wa Kipsigis katika kitabu kilichohaririwa na Eisei Kurimoto na Simon Simonse juu ya migogoro na mamlaka ya marika kaskazini mashariki mwa Afrika. Maandishi hayo mawili ni ya Kiingereza, na mwanafunzi wa Kabianga anaweza kuyapata akiyatafuta kwa bidii. Lakini sehemu kubwa ya kazi ya Komma, vikiwamo vitabu, imeandikwa kwa Kijapani. Yapo basi maelezo ya miongo kadhaa juu ya ndoa, majina, ardhi, fedha na siasa za Wakipsigis ambayo mjukuu wa waliohojiwa hawezi kuyasoma.

Ikumbukwe kwamba jambo hili si jipya kabisa kwa jamii hiyo. Kitabu cha J. G. Peristiany kuhusu taratibu za kijamii za Wakipsigis kilitoka London mwaka 1939, na kile cha Ian Orchardson, Mwingereza aliyeishi na kuoa miongoni mwao, kilichapishwa mwaka 1961. Tofauti ni kwamba Kiingereza kilifika Kabianga pamoja na shule, na ndani ya kizazi kimoja walipatikana watu wa kuwajibu Peristiany na Orchardson. Mmoja wao alikuwa Dkt. Taaitta Toweett, mwanasiasa na mwanaisimu aliyezaliwa Kericho, ambaye mwaka 1979 alichapisha uchunguzi wake wa isimu ya Kikalenjin na vilevile historia simulizi ya Wakipsigis. Kazi iliyoandikwa kwa Kijapani haijapata Toweett wake. Haijasahihishwa, haijapingwa, wala haijasifiwa na wale inaowahusu.

Komma hakuwa peke yake. Chama cha Japani cha Taaluma za Afrika kiliundwa mwaka 1964, wakati ambapo nchi nyingi za Afrika zilikuwa bado zinashona bendera zao. Shirika la Kustawisha Sayansi la Japani limekuwa na kituo cha utafiti mjini Nairobi tangu miaka hiyo ya 1960. Chuo Kikuu cha Kyoto, ambacho watafiti wake walikwenda Tanganyika kuchunguza sokwe na wakaishia kuchunguza wavuvi, wawindaji na wafugaji, kilianzisha jarida la Kiingereza la taaluma za Afrika mwaka 1981 na kituo maalumu cha Afrika mwaka 1986. Ni mtafiti wa Kyoto, Toshisada Nishida, aliyefungua kambi ya utafiti wa sokwe katika milima ya Mahale kando ya Ziwa Tanganyika mwaka 1965, na miaka 20 baadaye milima hiyo ikatangazwa hifadhi ya taifa ya Tanzania. Nobuhiro Nagashima wa Chuo Kikuu cha Hitotsubashi alijishughulisha na Wateso wa magharibi mwa Kenya. Kiswahili nacho ni fani kamili ya shahada ya kwanza mjini Osaka, katika taasisi iliyokuwa Chuo Kikuu cha Lugha za Kigeni hadi ilipounganishwa na Chuo Kikuu cha Osaka mwaka 2007. Wasikilizaji wa redio wa miaka mingi hawahitaji kukumbushwa kuhusu Idhaa ya Kiswahili ya Radio Japan.

Swali linalozuka ni je, kwa nini upande wa pili wa mizani ni mtupu? Jibu la haraka ni umaskini, nalo lina ukweli wake. Jibu kamili linahitaji kuangaliwa jinsi taaluma za Kijapani zilivyozaliwa na zinavyoendelea kwingineko duniani, maana hata huko kwenye fedha nyingi zimepanda na kushuka.

Nchini Marekani taaluma hiyo ni mtoto wa vita. Jeshi la wanamaji lilihitaji wafasiri, likawafundisha vijana Kijapani katika shule maalumu huko Colorado, na baada ya mwaka 1945 baadhi ya vijana hao, akiwamo Donald Keene, wakageuka kuwa maprofesa walioifungulia dunia fasihi ya Kijapani. Kitabu mashuhuri cha Ruth Benedict kuhusu tabia za Wajapani, kilichotoka mwaka 1946, kiliandikwa kwa ombi la serikali na mwandishi ambaye hakuwa amewahi kukanyaga Japani. Uingereza nayo ilipanua vyuo vyake vya lugha za mashariki baada ya ripoti ya Scarborough ya mwaka 1947. Mwanzo wa yote ulikuwa hofu.

Baada ya hofu ikaja tamaa. Japani ilipokuwa tajiri, kila mmoja alitaka kujua siri yake. Mwaka 1973 serikali ya Waziri Mkuu Kakuei Tanaka ilitoa dola milioni moja kwa kila kimoja cha vyuo vikuu 10 vya Marekani ili kuimarisha taaluma za Kijapani, kupitia Wakfu wa Japani uliokuwa umeundwa mwaka mmoja kabla. Mwaka 1979 Ezra Vogel wa Harvard aliandika kitabu kilichoitangaza Japani kuwa namba moja, na madarasa ya Kijapani yakafurika watu waliotaka kufanya biashara. Kisha uchumi wa Japani ukaporomoka mwanzoni mwa miaka ya 1990, na China ikaupita mwaka 2010. Wanafunzi wa biashara wakahamia Kichina. Chuo Kikuu cha Durham nchini Uingereza kilifunga idara yake ya taaluma za Asia ya Mashariki mwaka 2007, na hakikuwa peke yake katika nchi hiyo kupunguza masomo ya aina hiyo.

Waliotabiri kifo cha fani hiyo walikosea kwa sababu ambayo maprofesa hawakuitarajia, nayo ni katuni. Vijana waliokulia katika filamu za vibonzo na michezo ya kompyuta ya Kijapani walijaza viti vilivyoachwa na wafanyabiashara. Uchunguzi wa Wakfu wa Japani wa mwaka 2021 ulihesabu wanafunzi 3,794,714 wa Kijapani katika nchi na maeneo 141 nje ya Japani. China pekee ilikuwa na zaidi ya milioni moja, Indonesia zaidi ya 711,000 na Korea Kusini zaidi ya 470,000, yaani nchi hizo tatu zilibeba zaidi ya nusu ya wanafunzi wote. Afrika iliyo kusini mwa Sahara haikufikia hata asilimia moja.

Takwimu hizo lazima zisomwe kwa uangalifu. Wingi wa wanafunzi wa lugha si ushahidi wa afya ya taaluma. Mwanafunzi anayetaka kuelewa katuni bila tafsiri anahitaji mwaka mmoja au miwili, na anayetaka kusoma daftari la kodi la kijiji cha karne ya 18 anahitaji 10. Wamarekani wanaowafundisha wanadiplomasia wao wamekiweka Kijapani katika kundi la lugha ngumu kuliko zote kwa Mwingereza, la saa 2,200 za darasani, ilhali Kiswahili wamekipa chini ya nusu ya hizo. Alama za kanji za matumizi ya kawaida pekee ni 2,136. Chuo ambacho hakimlipi mtu katika miaka hiyo ya kukomaa hakitapata mtaalamu hata kijaze wapenzi wa katuni hadi varandani.

Kwa Mswahili, hata hivyo, sauti si kikwazo. Kijapani, kama Kiswahili, hupenda silabi iishe kwa irabu, na maneno ya kigeni huyafanyia yaleyale tuyafanyayo sisi. Hoteli yetu kwao ni hoteru, basi ni basu, bia ni biiru. Mzungu huchukua muda kujifunza kutouma maneno. Mtoto wa Mombasa au wa Kericho huyatamka vizuri siku ya kwanza. Kikwazo ni maandishi, na maandishi ni suala la muda na vitabu.

Barani Afrika yuko mmoja aliyelivuka daraja hilo mapema. Chuo Kikuu cha Cairo kilianzisha idara ya lugha na fasihi ya Kijapani mwaka 1974, na leo idara hiyo ina nusu karne ya wahitimu ambao miongoni mwao wamo wafasiri wa fasihi ya Kijapani kwa Kiarabu moja kwa moja, bila kupitia Kiingereza. Misri haikuwa tajiri mwaka 1974. Ilikuwa imetoka vitani mwaka mmoja kabla. Ilichokuwa nacho ni chuo kilichoamua kwamba somo hilo ni la kudumu, na lugha yake yenyewe ya kulipokelea.

Kenya ilichukua njia nyingine. Kijapani kilifundishwa Chuo cha Utalii kwa ajili ya watalii, kikafundishwa Chuo Kikuu cha Kenyatta na baadhi ya vyuo vya binafsi, na mtihani wa kimataifa wa lugha hiyo hufanyika Nairobi mara moja kwa mwaka, mwezi Desemba. Walimu waliotoka Japani kwa mpango wa kujitolea walibeba sehemu ya mzigo. Ni juhudi za kuheshimiwa, lakini zote zilifungwa kwenye ajira, na ajira ina misimu. Watalii wakipungua, darasa linapungua. Mtaala mpya wa umilisi katika shule za sekondari umeorodhesha Kifaransa, Kijerumani, Kiarabu na Kichina cha Mandarin, Kijapani hakimo. Wakati huohuo China imefanya kazi yake. Taasisi ya Confucius ya Chuo Kikuu cha Nairobi, iliyofunguliwa Desemba 2005, ilikuwa ya kwanza barani Afrika, na nyingine zikafuata Kenyatta, Egerton na Moi.

Mtu anaweza kudhani kwamba ufadhili wa masomo ungeziba pengo. Japani imewasomesha Wakenya wengi. Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta, kilichopokea wanafunzi wa kwanza mwaka 1981, kilijengwa kwa msaada wake, na wahadhiri wake wengi walipata shahada za uzamili na uzamifu huko. Baada ya mkutano wa TICAD wa mwaka 2013 ulianzishwa mpango wa ABE wa kuwapeleka vijana wa Afrika kwa shahada za uzamili na mafunzo viwandani. Lakini tangu Japani ilipoamua, hasa kuanzia mwaka 2009, kuwavutia wageni kwa kozi zinazofundishwa kwa Kiingereza, mwanafunzi Mkenya anaweza kukaa Tsukuba au Kobe miaka mitatu, akaandika tasnifu nzuri kuhusu mbegu za mpunga, na akarudi nyumbani na Kijapani cha kununulia mboga. Japani yenyewe, kwa kutaka kupendwa, imepunguza haja ya kuisoma. Hilo ni tatizo linalojadiliwa hata na wataalamu wa fani hiyo Ulaya na Marekani, ila kule kuna maktaba za kuwangojea watakaorudi kwenye lugha. Huku hakuna.

Kuna kundi moja la Wakenya waliokipata Kijapani hasa, nao hawakupitia chuo kikuu cha Kenya. Ni wanariadha. Douglas Wakiihuri alikwenda Japani mwaka 1983, akafunzwa na kocha Kiyoshi Nakamura, na mwaka 1987 akawa bingwa wa dunia wa marathoni mjini Roma. Mwaka 1989 Joseph Otwori wa Chuo Kikuu cha Yamanashi Gakuin alikimbia katika mbio za Hakone, zile za kupokezana ukanda ambazo Wajapani huzitazama kwenye televisheni siku mbili mfululizo kila mwanzo wa Januari, akafungua mlango ambao vijana wa Bonde la Ufa na wa Mlima Kenya wanaupitia hadi leo. Samuel Wanjiru alipelekwa Sendai mwaka 2002 akiwa na miaka 15, akasoma sekondari huko, na aliposhinda dhahabu ya marathoni ya Olimpiki Beijing mwaka 2008 aliweza kuongea na wanahabari wa Kijapani kwa lugha yao. Alifariki mwaka 2011 akiwa na umri wa miaka 24. Vijana hawa wameishi katika mabweni ya Kijapani, wamefanya kazi katika kampuni za Kijapani, wamejua nani huoga wa kwanza na nani hungoja. Hakuna chuo kilichowahi kumwita hata mmoja wao, mwenye miaka 10 ya maisha hayo, na kumuuliza aandike au asimulie. Kocha ndiye anayejua thamani yake, mwanazuoni hajui.

Yapo pingamizi, na yanastahili kusikilizwa. La kwanza ni kwamba vyuo vikuu vya umma vimelemewa na madeni, mishahara inachelewa, migomo ya wahadhiri imekuwa ya kawaida, na mfumo mpya wa ufadhili ulioanza mwaka 2023 umezua kesi na malalamiko. Katika hali hiyo, kudai Kijapani Kabianga kunaweza kuonekana kama kudai mapambo ya dirisha katika nyumba isiyo na paa. La pili lina uzito zaidi: kama lugha za Kikalenjin zenyewe hazijapewa nafasi ya kutosha katika vyuo vyetu, kwa nini ianze lugha ya mbali? Pingamizi hili la pili, likichunguzwa, linaunga mkono hoja badala ya kuipinga. Kazi ya Komma ni kazi kuhusu Wakipsigis. Atakayeisoma na kuifasiri kwa Kiswahili au Kikipsigis atakuwa ameongeza maarifa ya Kikalenjin kwa kupitia Kijapani. Masomo hayo mawili yangeweza kuketi katika ofisi moja.

Lakini hoja kubwa kuliko zote za Kabianga haiko katika anthropolojia. Iko shambani.

Tangu katikati ya miaka ya 2000 kampuni kubwa za majani chai za Kericho na Bomet zimekuwa zikiingiza mashine za kuchumia, na kila mashine inachukua kazi ya vibarua wengi. Chama cha wafanyakazi wa mashamba kilipinga mahakamani na kwa migomo. Mei 2023 hasira zilifurika, waandamanaji wakavamia mashamba ya kampuni ya Ekaterra, iliyokuwa zamani ya Unilever, na kuteketeza mashine. Serikali ya kaunti ikaunda jopo la kuchunguza matumizi yake. Tangu wakati huo mashamba yenyewe yamebadilisha wenyewe. Ya James Finlay na yale yaliyokuwa ya Unilever yamekwenda kwa kampuni ya Browns ya Sri Lanka. Mashine hazijaondoka.

Nchi iliyoishi na mashine hizo kwa muda mrefu kuliko nyingine ni Japani. Mikasi mikubwa yenye mfuko wa kukusanyia majani ilianza kutumika huko mwanzoni mwa karne ya 20, mashine za injini za kubebwa na watu wawili zikaenea baada ya vita, na baadaye zikaja zile za kupandwa kama trekta. Ochiai na Kawasaki, kampuni mbili za Kijapani, ni miongoni mwa watengenezaji wakuu wa mashine hizo duniani. Japani basi ina karne nzima ya kumbukumbu kuhusu swali lilelile linalowakosesha usingizi watu wa Kericho: mashine inapoingia shambani, nani anabaki na kazi, ubora wa jani unakuwaje, mkulima mdogo anainunua kwa njia gani, na kijiji kinageuka kuwa nini?

Majibu ya swali hilo si ya kufurahisha yote. Kwa miongo mingi mkoa wa Shizuoka, wenye mashamba ya miteremkoni, uliongoza Japani kwa chai. Takwimu za mwaka 2024 zilionyesha kwamba Kagoshima, mkoa wa kusini wenye mashamba mapana na tambarare yanayoruhusu mashine za kupandwa, umeupita kwa mara ya kwanza tangu kumbukumbu hizo zianze kuwekwa. Wakulima wa Shizuoka wamezeeka, watoto wao wamehamia mijini, na mashamba ya miteremkoni yanaachwa. Mtu yeyote anayejua tofauti ya mashamba makubwa ya Kericho na vishamba vya mabondeni vya wakulima wanaouza kwa viwanda vya KTDA ataona mara moja kwa nini habari hiyo inamhusu. Yalipo mashamba tambarare ndipo mashine ilipo. Wa mteremkoni ndiye atakayebaki na mkono wake, na bei itaamuliwa na yule asiyelipa mikono.

Ni kweli kwamba nchi hizi mbili hazifanani. Kenya ilizalisha karibu tani 600,000 za chai mwaka 2024, Japani takriban tani 70,000 tu. Chai yetu ni nyeusi ya kusagwa, inayouzwa katika mnada wa Mombasa kwenda Pakistan, Misri na Uingereza. Yao ni ya kijani na wanainywa wenyewe, ingawa kiu ya dunia ya matcha imeanza kuubadilisha mpango huo. Zaidi ya yote, Japani ilileta mashine kwa sababu watu walikuwa wanapungua, na Kericho imeletewa mashine watu wakiwa wengi na kazi chache. Tofauti hiyo ndiyo hasa inayofaa kuchunguzwa, na haiwezi kuchunguzwa na mtu anayesoma vipeperushi vya Kiingereza vya muuza mashine. Ripoti za vyama vya ushirika vya Shizuoka, historia za vijiji, takwimu za mikoa na mijadala ya magazeti ya wakulima ni za Kijapani.

Hapa ndipo historia ya taaluma hii duniani inapokuwa na manufaa. Wamarekani waliisoma Japani kwa sababu walikuwa na swali lao wenyewe, kwanza la vita na kisha la biashara, na swali lilipokwisha fani iliyumba hadi likapatikana jingine. Kenya haijawahi kwenda Japani na swali. Imekwenda na barua ya maombi. Ndiyo maana madarasa yamefunguka na kufunga kwa kutegemea mfadhili, na ndiyo maana pia kumwachia mfadhili aamue tena hakutabadilisha chochote, hata akitoa kiasi gani. Ikitokea pia kwamba soko la ajira nchini Japani, lililofunguliwa zaidi kwa wageni kwa kibali kipya cha kazi cha Aprili 2019, litawavuta vijana wa Kenya kwa maelfu, shule za lugha zitachipuka Nairobi na Eldoret kama uyoga. Zitafundisha maneno ya hospitali na ya kiwandani, na ni haki yao. Hazitafundisha mtu kusoma historia ya Shizuoka.

Kabianga haihitaji idara. Idara ni jina la mlangoni, na nchi hii ina majina mengi ya milangoni. Inachohitaji ni mtu mmoja, au wawili, waliohitimu katika kilimo, historia au sosholojia, ambao chuo kitawapa likizo yenye mshahara ya miaka isiyopungua mitano ili wajifunze Kijapani hadi kiwango cha kusoma nyaraka, kwa sharti kwamba mada yao ni chai na kwamba watarudi. Fedha za masomo ya lugha na utafiti zipo katika serikali ya Japani na katika Wakfu wake. Kinachokosekana ni ombi lililoandikwa na chuo lenye swali ndani yake. Taasisi ya Utafiti wa Chai iko Timbilil, Kericho, na ndiyo iliyotoa mwaka 2011 aina ya chai ya zambarau ambayo wauzaji wake wanawania soko lilelile la afya ambalo Wajapani wamelitawala kwa chai ya kijani. Nayo ina sababu ya kuchangia.

Kazi ya kwanza ya mtu huyo inaweza kuwa ndogo kabisa. Avikusanye vitabu na makala za Kijapani zilizoandikwa juu ya Wakipsigis, azipe mahali katika maktaba ya Kabianga, na aanze kufasiri ile sehemu inayohusu vyama vya akina mama, maana baadhi ya wanawake walioviendesha vyama hivyo walipotembelewa na mgeni mwenye daftari wangali hai, na wanaweza bado kusema ni wapi alielewa na ni wapi hakuelewa.